Fundi wa Gatina Si Mwizi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, soko la pale kituo cha Kawangware 46 halina pa kukanyaga. Wauza mitumba humwaga nguo hadi kwenye lami, wauza viazi hushindana kwa kelele na wauza chaja, na bodaboda hupita katikati ya wote kana kwamba barabara ni shamba la baba yao. Hapo ndipo Awiti alikuwa ametandika turubai lake, na juu ya turubai kompyuta thelathini na kitu zilizotupwa na maofisi ya jiji, zimelaliana kama magunia ya makaa.

Kagiri alikuwa ameinama juu ya rundo hilo, shati la kitani mwilini, raba nyeupe pe miguuni. Mguu mmoja aliuweka juu ya sanduku la chini ili avute lile la juu, lenye stika inayong'aa ya i7, prosesa yenye nguvu.

"Brathe, toa mguu."

Aliinua kichwa. Mbele yake alisimama msichana aliyevaa ovaroli ya buluu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, kitambaa cha manjano kichwani na vipuli vidogo vya shaba masikioni. Mfuko wa kifuani ulikuwa na bisibisi tatu mahali ambapo wengine huweka kalamu.

"Pole," Kagiri alisema, lakini mguu hakuutoa. "Hii ya juu nishaichagua. i7, unaona?"

"Naona stika."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Stika hata mimi nikibandikwa kwa paji la uso naweza kuwa i7. Toa mguu, nataka hiyo ya chini."

Awiti aliangua kicheko. "Msikize huyo Nzembi, boss. Huyo hata mimi mwenye mali hunifundisha ninachouza."

Kagiri alihisi masikio yakiwaka moto. "Basi fungua tuone, daktari."

Nzembi alichutama papo hapo. Kifuniko kikatoka, skrubu nne za feni zikatoka, akapangusa kwa tishu kile kijibamba cha chuma chenye ukubwa wa biskuti, prosesa yenyewe, ambayo ndiyo akili ya kompyuta. "Jisomee," akasema. Kagiri akajisomea. Ilikuwa i3, dhaifu, tena kuukuu kuliko ile iliyokuwa kwenye mashine yake. Kisha Nzembi akafungua lile sanduku la chini, lisilo na stika yoyote ila maandishi ya kalamu ubavuni: *Drawing Office 3*. Ndani mlikuwa na i7-4790, safi kabisa.

"Ulijuaje?"

"Ofisi ya wachora ramani za majumba haiwezi kununua mashine dhaifu. Stika inabandikwa na yeyote, kazi haibandikwi."

"Niuzie hiyo prosesa."

"Bodi yako ni gani?"

"Bodi?"

Nzembi alimtazama kuanzia raba hadi nywele. "Siuzi prosesa kwa mtu asiyejua hata bodi yake, pale prosesa inapopachikwa. Utaenda uipachike, ikatae, halafu utasema ni Nzembi. Niletee mashine yako Jumatatu, hapa hapa Kawangware, upande wa Gatina, kibanda cha mabati ya kijani."

Akalipa, akalibeba sanduku begani, akaondoka. Kagiri alisimama hapo bila kununua kitu, akimwangalia mpaka manjano ya kile kitambaa yakapotea kati ya watu. Alikuwa amekasirika. Pia alikuwa anatabasamu.

Mashine yenyewe ilikuwa na historia. Kagiri alikuwa mpiga video za harusi, na studio yake ilikuwa chumba kimoja pale Olympic, Kibera, juu ya duka la dawa. Miaka tisa nyuma, akiwa chuoni, yeye na rafiki yake waliunga kompyuta kwa vipande vya kuokotaokota, wakaitia macOS, mfumo wa Mac, kwa sababu programu aliyozoea kukatia video huendeshwa humo tu, na Mac yenyewe ilikuwa ndoto. Rafiki akaenda Doha na ujuzi wake kichwani. Kagiri akabaki na mashine aliyoijua kuitumia, si kuitibu. Sasa kamera zimekuwa nne kwa kila harusi, picha zimekuwa nzito, na i3 ya zamani ilikuwa inahema kama mzee anayepanda ngazi.

Jumatatu aliibeba hadi Gatina. Alipofika kwenye kibanda cha mabati ya kijani, alisita mlangoni. Plot hiyo aliijua. Ilikuwa ya mama yake, Waceke, na kila kibanda kwenye mstari ule kililipa kodi kwake kupitia keateka wake, Ephantus. Kagiri alifungua mdomo kulisema hilo, kisha akaufunga. Hakutaka msichana yule amwone kama mtoto wa landlady. Siku ya kwanza alinyamaza kwa haya. Siku zilizofuata alinyamaza kwa sababu alishanyamaza.

"Prosesa yenyewe nitaiweka kwa dakika kumi," Nzembi alimweleza, akiwa ameifungua mashine mezani. "Kazi iko kabla na baada. Bodi yako imezaliwa kabla ya hii i7, haiijui. Lazima kwanza ni-update BIOS, ule mfumo wa ndani ya bodi, tukiwa bado na i3. Nikitanguliza i7, hata picha hutaona. Halafu update ikifuta settings zote, nizirudishe moja moja, la sivyo hiyo macOS yako itakwama kwa ile nembo ya tofaa tu."

"Wewe haya yote ulijifunzia wapi?"

"Kwa kuharibu zangu."

Kazi ilichukua alasiri tatu, maana Nzembi hakutaka haraka. Alimwonyesha kila hatua. Alimpa ile prosesa aishike kwa ncha za vidole, akamwonyesha mshale mdogo pembeni unaolingana na mshale wa bodi, akapaka pesti ya kupozea ya kijivu, kiasi cha punje ya mchele. Mashine ilipowaka na mfumo ukasoma i7, Kagiri aliruka akagonga kichwa kwenye bati.

"Jambo moja," Nzembi alisema akicheka. "Hii betri ya duara kwa bodi imezeeka. Ndiyo hushikilia settings stima ikipotea. Mimi hapa sina nyingine. Nunua leo ukipita dukani."

"Nitanunua, mpenzi."

"Nani mpenzi?"

"Nimeongea na prosesa."

Basi ndivyo ilivyoanza. Simu zikawa haziishi.

"Sasa, fundi wangu."

"Fundi wako tangu lini?"

"Tangu mashine ianze kukutii wewe kuliko mimi. Nikiiwasha inauliza, Nzembi yuko wapi?"

"Iambie Nzembi yuko kazini, hana wakati wa wavulana wa raba nyeupe."

"Nikinunua nyeusi?"

"Nitafikiria."

Alinunua nyeusi. Walikula samaki Kisumu Ndogo, kule Kibera, wameketi benchi moja, Nzembi akiwa na gauni la maua mekundu lililomfanya Kagiri asahau kutafuna. Alimfundisha kutoa miiba kwa vidole, akamcheka alipojichoma. Miezi mitatu ikapita hivyo. Betri ile hakuinunua.

Kisha shangazi yake Nzembi akafariki. "Naenda Kangundo, tuna msiba," alimwambia Kagiri kwa simu. "Tunazika Jumamosi. Nitarudi Jumatatu. Kula vizuri."

"Pole sana, mpenzi wangu. Niwakilishe kwa mama."

Kagiri alijua, basi. Alijua Nzembi alikokwenda na kwa nini.

Alhamisi stima ilipotea Olympic siku nzima. Ijumaa iliporudi, Kagiri aliwasha mashine, tofaa likaja, likakaa hapo hapo. Akazima, akawasha. Tofaa. Saa ya ndani ilionyesha mwaka wa 2013. Na ndani ya mashine hiyo ilikuwamo harusi ya Valerie, bibi harusi mwenye ulimi wa wembe, aliyetaka filamu yake Jumapili kwa ajili ya sherehe ya shukrani.

"Kagiri, wageni mia mbili!" Valerie alipiga kelele simuni. "Nitawaonyesha nini? Uso wako?"

Kagiri akampigia Nzembi. Haipatikani. Akapiga tena, na tena, mara kumi na moja. Hakujua kwamba simu ya Nzembi ilikuwa imetumbukia ndani ya karai la maji alipokuwa akiosha sufuria za matanga. Akabeba mashine hadi katikati ya jiji, kwa fundi mmoja aitwaye Gikonyo, mwenye duka la vioo na kiyoyozi.

Gikonyo aliiwasha, akaliangalia tofaa. "Nani aliweka hii prosesa?"

"Fundi mmoja wa Kawangware. Msichana."

Gikonyo alicheka polepole, kama mtu aliyesikia alichokingoja. "Msichana wa Kawangware. Na sai yuko wapi?"

"Simu haipatikani."

"Buda, umechezwa. Hii ni feki, imechorwa namba juu. Wacha hapa, nitakuuzia ya ukweli wiki ijayo."

Mtu aliyemwona Nzembi pale kwenye turubai la Awiti angecheka. Kagiri hakucheka. Alikuwa na hofu ya Valerie, na mtu mwenye hofu hushika neno la kwanza linalopita. Aliibeba mashine akarudi, akapitia nyumbani kwao Kawangware, kwa mama yake, na chai ilipomiminwa akasema neno ambalo angetoa mkono wake kulirudisha: "Yule fundi wa mabati ya kijani ameniuzia prosesa feki, Mum. Ameniibia."

Waceke aliweka birika chini. "Wa kwenye plot yangu?"

"Wacha tu, Mum, nitaongea naye akirudi."

Lakini Waceke hakuwa mtu wa kuacha tu. Alikuwa ameitunza plot ile kwa miaka ishirini bila mwizi hata mmoja, na hilo alilitaja kanisani kama ushuhuda. Asubuhi yake alimtuma Ephantus na kufuli jipya, na Ephantus, aliyependa kazi zenye watazamaji, alipofunga mlango wa kijani aliueleza umati sababu.

Jumatatu Nzembi alishuka Gatina na gauni lake jeusi la mazishi, macho yamevimba, akakuta kufuli lisilo lake. Muuza maji wa jirani aliangalia pembeni. Wateja wawili waliokuwa wameacha laptop zao walikuwa wamesimama mlangoni, na mmoja akamuuliza waziwazi, "Na yangu pia umebadilisha vitu?"

"Nani amefunga hapa?" Nzembi aliuliza.

"Mwenye plot," Ephantus alijibu. "Mama Kagiri. Uliibia kijana wake."

Kijana wake? Nzembi aliazima simu ya muuza maji.

"Kagiri."

"Nzembi! Ulizima simu kwa nini?"

"Nilikuwa nazika shangazi yangu! Hukujua?"

"Nilijua, lakini..."

"Plot ni ya mamako? Miezi mitatu unakunywa chai yangu humu ndani, hujawahi kusema? Na sasa mimi ni mwizi?"

"Sikumwambia afunge. Walahi sikumwambia. Ni vile stima ilipotea, mashine ikakwama kwa tofaa, fundi wa tao, wa kule mjini, akasema prosesa ni feki, na wewe hupatikani, na Valerie..."

"Fundi wa tao alisema." Sauti yake ilishuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Haya. Mashine iko wapi?"

"Iko studio."

"Mwite mamako. Na huyu Ephantus wenu anakuja na mimi. Nisikilize, Kagiri: usiiguse mpaka nifike."

Walipokusanyika kwenye chumba kile cha Olympic, hewa ilikuwa nzito. Waceke aliketi kwenye kiti pekee, sweta ya zambarau imefungwa vifungo vyote, mkoba kwapani. Ephantus alisimama mlangoni. Kagiri alijaribu kumshika Nzembi mkono na mkono ukaondolewa, bila hasira, kama mtu anayeondoa kikombe mezani ili apate nafasi.

Nzembi alifungua kifuniko. Kabla ya kugusa skrubu za feni, aliwaita wote wakaribie.

"Mama, ona hapa. Unaona hili vumbi juu ya skrubu? Halijaguswa. Huyo fundi wa tao hakufungua. Kagiri, alifungua?"

Kagiri aliinamia vumbi lile. "Aliwasha tu."

"Aliwasha tu." Akatoa feni. Pesti ya kijivu ilikuwa pale pale alipoipaka. Akaipangusa kwa spiriti mpaka chuma kikang'aa, akasogeza tochi. "Soma namba. Kwa sauti, mama asikie."

"i7," Kagiri alisoma. "4790."

"Ina rangi? Ina mchoro? Kwaruza na ukucha."

Hakukwaruza.

"Saa ya ndani ilionyesha mwaka gani ilipokwama?"

"2013."

"Na hukushangaa? Nilikwambia nini kuhusu betri?"

Alitoa betri ya duara aliyokuwa ameinunua njiani, akaipachika, akapaka pesti upya, akarudisha feni, akaingia kwenye settings na kuzirekebisha moja moja, vidole vikitembea bila kusita. Tofaa likaja. Likapita. Harusi ya Valerie ikafunguka kwenye kioo, bibi harusi anacheka, ingawa Jumapili ya wageni wake mia mbili ilikuwa imeshapita.

"Kumbe ilikuwa betri tu?" Waceke alisema, akijaribu kutabasamu.

"Si betri, mama. Betri ikifa mashine inasimama, inangoja mtu. Haimwiti mtu mwizi." Nzembi alimgeukia Kagiri, na sasa machozi yalikuwa yamefika ila hakuyapangusa. "Mtu ambaye hakufungua alikwambia ndani kuna feki, ukaamini. Mimi nilifungua mbele yako, nikakuwekea prosesa mkononi, hukuniamini. Ana nini yule ambacho mimi sina? Kioo mlangoni?"

"Nzembi, nisamehe."

"Ufunguo wa kufuli," alimwambia Ephantus. Ephantus alimtazama Waceke, Waceke akatikisa kichwa kukubali. Nzembi akaupokea. "Kesho nitakuwa nimetoa vitu vyangu. Siwezi kukaa kwa mlango ambao mtu anaweza kuufunga kwa maneno."

Akahamia Lindi, mtaa wa Kibera, chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, akaanza upya na wateja wachache. Kagiri alipiga simu kila siku, na kila siku ililia mpaka ikakata. Siku ya tisa ikashikwa.

"Unataka nini?"

"Kusema pole."

"Pole umeniletea chumbani. Wizi ulinitangazia sokoni." Akakata.

Maneno hayo yalimwingia. Kwanza alienda kwa Gikonyo, ambaye alimwambia kila fundi hukosea, kisha akamuuliza kama angependa kununua RAM. Kagiri alitoka humo kwa hasira, na njiani akatambua kwamba nusu ya hasira hiyo ilimwelekea yeye mwenyewe. Jumamosi, saa sita ya jua kali, alisimama kando ya turubai la Awiti pale 46, kisha mbele ya mabati ya kijani Gatina, akamwambia kila aliyekuwa tayari kusikiliza: "Nzembi hakuniibia. Mimi ndiye nilisema uongo juu yake." Watu walicheka. Mmoja aliuliza kama amelipwa. Awiti hakucheka, alimpa maji.

"Umechelewa," Awiti alimwambia. "Lakini angalau umekuja na miguu yako."

Wiki iliyofuata alifika Lindi. Nzembi alikuwa na ovaroli ile ile, amezungukwa na vifuniko vya kompyuta. Kagiri alikuwa amepanga hotuba, hotuba ikapotea.

"Nioe," alisema. "Yaani, nataka nikuoe."

"Wewe umerukwa na akili."

"Ndiyo. Lakini ni kweli."

Nzembi aliweka bisibisi chini. "Unajua neno lilifika wapi? Watu wetu wa Kawangware wana grupu ya WhatsApp. Lilifika Kangundo kabla sijatoa nguo za matanga. Mama yangu aliulizwa kanisani, eti yule wako wa Nairobi ni mwizi siku hizi? Mama yangu, Kagiri. Sasa mlete mamako kwetu. Si kwa mambo ya mahari. Aje aseme mbele ya mama kwamba mimi si mwizi. Akimaliza, utauliza hilo swali lako."

Waceke aliposikia, alisimama. "Mimi? Niende Ukambani kuomba msamaha? Mimi ndiye mwenye plot!"

"Mum, mimi nilisema uongo. Wewe uliufungia kufuli."

Wiki tatu hawakuzungumza sana nyumbani humo. Ya nne, Waceke alitoka chumbani asubuhi na sweta yake ya zambarau, akauliza kwa ukali ni saa ngapi wanaondoka.

Kangundo waliketi uani baada ya ibada, majirani wamejaa hadi kwenye ua wa miti. Mukai, mama yake Nzembi, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama mchi, aliwapa wageni uji, kisha akaketi akingoja.

Waceke alisafisha koo. "Kuomba msamaha mimi sijazoea, kwa hivyo mtanivumilia. Nilifunga mlango wa mtoto wako bila kumuuliza hata neno moja. Mtoto wako si mwizi."

"Asante," Mukai alisema kwa upole. "Rudia, mama. Mzee Ndululu kule nyuma hasikii vizuri, na ndiye aliyelisambaza lile neno."

Shingo ya Waceke ilinyooka. Watu walishusha vikombe. Kagiri aliona mama yake akipigana na nafsi yake kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumwona akipigana na mtu yeyote.

"NZEMBI SI MWIZI!" Waceke alipaza sauti hadi kuku wakatawanyika. "Umesikia, mzee? Ni fundi! Na wewe ukome kupeleka maneno!"

Mzee Ndululu aliinua mkono kwamba amesikia, na uani kukazuka kicheko, na Mukai ndiye aliyecheka wa kwanza.

Nzembi alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, gauni la maua mekundu mwilini, mikono kifuani. Kagiri alimfuata, akasimama hatua mbili mbali naye.

"Haya," Nzembi alisema. "Uliza."

"Utaolewa na mimi?"

Nzembi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Ndiyo," alisema. "Na bado nimekasirika."

"Nitangoja iishe."

"Utangoja sana," Nzembi alimjibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamruhusu amshike mkono.